Laini ya Saba

Mwaka wa 1993, katika wilaya nzima ya Makueni, mtu wa kutunga programu za kompyuta alikuwa mmoja tu. Huyo mmoja alikuwa Mukuyuni, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, katika chumba kilichotetemeka kila kinu kilipowashwa. Jina lake Musembi. Watu wa sokoni walijua ameajiriwa, kwa sababu alivaa tai. Walichokuwa hawajui ni ameajiriwa kufanya nini. Kuna waliosema anapiga chapa, na kuna waliosema anatengeneza televisheni iliyokataa kushika picha kwa miaka minne. Mama yake mzazi, alipoulizwa kanisani, alijibu kwamba mwanawe anafanya kazi ya kukaa.

Jibu hilo lilimuuma Musembi kuliko alivyotaka kukiri. Miaka hiyo minne alikuwa ameitumia kutunga programu ya Mradi wa Matuta, iliyokumbuka kila tuta lililochimbwa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua: liko shambani kwa nani, lina urefu gani, lilichimbwa mwaka gani. Ilikuwa programu nzuri. Ila hakuna mtu aliyewahi kumwambia ni nzuri, wala kumwambia ni mbaya, maana hapakuwa na mwingine wa kusema lolote. Alijisifu mwenyewe na kujikosoa mwenyewe, na siku nyingine akajinunia mwenyewe mpaka saa ya chai.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba ikaja barua kutoka makao makuu ya mradi. Zana mbili mpya za kuwasaidia watunga programu zilikuwa zimefika kutoka ng'ambo. Kila ofisi izijaribu zote mbili, izilinganishe, itoe maoni kwenye fomu, na zana itakayoshinda ndiyo itakayotumiwa na mradi mzima. Mpaka hapo Musembi alikuwa akitabasamu. Kisha akafika chini. Maoni yatolewe na madevelopa wasiopungua kumi na wawili, ambao kila mmoja ametia mkono kwenye zana zote mbili. Ofisi isiyofikisha kumi na wawili itakuwa imeonyesha kwamba haihitaji kompyuta, na lori litakuja Ijumaa kuichukua.

Musembi akahesabu. Akahesabu tena akianzia upande mwingine, akapata mmoja vilevile.

Binamu yake wa mjini Wote alimshauri aandike majina ya timu ya mpira, pamoja na kipa wa akiba. Mtu mwingine angefanya hivyo kabla chai haijapoa. Lakini Musembi alikuwa shemasi, na ushemasi ulikuwa umemwingia mpaka kwenye vidole. Kila alipojaribu kuandika jina la uongo, kalamu iligoma. Akaona wazi mambo yatakavyokuwa. Kompyuta itapanda lori, programu yake itakwenda nayo, na yeye atabaki kuwa mtu wa tai tu. Hofu ilimkaba hata ugali ukamshinda, na ugali wenyewe ulikuwa wa kwa mama yake.

Mkubwa wa ofisi, Bwana Kivuva, hakuona shida iko wapi. Alikuwa mtaalamu wa udongo, mnene, mwepesi wa kukata shauri, na kompyuta aliihesabu kama kabati lenye hasira.

"Wanataka madevelopa kumi na wawili," alisema. "Na developa ni nani? Si ni mtu wa maendeleo?"

"Hapa, mzee, nafikiri wanamaanisha..."

"Wewe wacha kufikiri. Soma fomu. Imesema developa wa kompyuta?"

Musembi akaisoma fomu yote, mbele na nyuma, hata pale palipoandikwa jina la mpiga chapa. "Imesema developa tu, mzee."

"Basi. Watu wa maendeleo tuko nao mpaka wanatumwagikia. Kikundi gani kinachimba vizuri hapa?"

"Kyeni. Cha mwaitu Kalunde," Musembi akajibu, kwa lile neno la Kikamba la kumheshimu mama.

"Andika tangazo. Hizi zana zinaitwaje?"

"Software, mzee."

"Soft ni laini," Bwana Kivuva akasema, akiwa amekwisha kuvaa kofia. "Andika zana laini."

Siku ya soko, Jumanne, tangazo likasomwa kwa kipaza sauti kati ya mbuzi na nyanya: watu wa maendeleo wa kikundi cha Kyeni waje ofisini Alhamisi asubuhi kupima zana mpya laini na kutoa maoni yao. Sasa Kyeni kilikuwa mwethya, yaani kikundi cha akina mama wanaochimba matuta pamoja, leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule. Na mtu wa mwethya ukimtajia laini, hafikirii ulaini. Anafikiria ile kamba ndefu yenye kipimo cha maji katikati, inayovutwa shambani kuonyesha tuta lipite wapi. Kwa hiyo walichosikia wao ni kwamba mradi umeleta laini mpya, na ilikuwa wakati wake, maana ya zamani ilikuwa na mafundo kumi na moja.

Alhamisi saa mbili wakafika. Wanawake kumi na wawili, majembe begani, vigingi ndani ya vyondo, na ile kamba yao ya zamani wameibeba ili wailinganishe. Kalunde, mwenyekiti, alikuwa na filimbi shingoni. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, na mumewe alikuwa na maneno machache zaidi. Akapuliza filimbi, wakasimama safu moja mbele ya mlango, wakaomba, majina yakaitwa. Ndipo akamgeukia Musembi.

"Tumekuja. Hiyo laini iko wapi?"

Musembi akawaonyesha maboksi mawili ya disketi. Moja liliandikwa Falkona, na juu yake palichorwa mwewe amekunja kucha. Lingine liliandikwa Boviko, na palichorwa fahali amesimama tu, kama anangoja mtu aje amfungulie. Akaeleza kwa adabu zote, jasho likimtiririka chini ya tai, kwamba hizi ni zana za kumsaidia mtu kuandika maagizo ambayo kompyuta itayafuata. Hazichimbi. Hazipimi shamba. Ikiwa wanataka kurudi nyumbani hatawalaumu, na yeye hawezi kuwadanganya.

Susu Kalondu, bibi mzee kuliko wote, alilichukua boksi la Falkona akalitazama kwa karibu. "Huyu namjua," alisema. "Amenimalizia vifaranga."

Wakashauriana kwa Kikamba, haraka, kisha Kalunde akatoa uamuzi. "Sisi tumetoka mlimani na hatujakunywa chai. Mwethya ikishaitwa haiendi nyumbani bila kuchimba. Tuonyeshe pa kuchimba."

Musembi alikuwa amepanga mmoja akae kwenye kiti abonyeze, na wengine kumi na mmoja watazame, halafu wabadilishane. Mpango huo haukufika mbali. Katika mwethya hakuna mtu anayefanya kazi wengine wamekaa, na hakuna anayekaa wengine wakifanya kazi. Kalunde alimtazama kama mtu aliyependekeza wachimbe kwa zamu na jembe moja.

"Gawanya," akamwambia.

"Nigawanye nini, mwaitu?"

"Hiyo kitu ya meno. Kila mtu apate kipande yake."

Hivyo ndivyo kibodi ya kompyuta ya Mradi wa Matuta ilivyotolewa, waya wake ukavutwa mpaka ukalia, ikawekwa juu ya benchi mlangoni, na vitufe vyake vikagawiwa kama shamba. Wanawake sita wakasimama huku na sita kule. Mutindi, aliyeolewa mwezi wa tatu na ndiye mdogo kuliko wote, alipata herufi tatu, o ikiwemo, na tarakimu zote, kwa kuwa alifika kidato cha pili. Susu Kalondu, ambaye hakusoma, alikitaka kile kirefu cha chini, cha kuacha nafasi, kwa sababu ndicho pekee chenye umbo la mpini. Kile cha kukuza herufi kiliwapa taabu mpaka Musembi alipokumbuka namna wanavyochimba wao, wakirusha udongo upande wa juu wa mtaro.

"Hiki ni fanya juu," akasema, na wote wakaelewa mara moja. Mwalimu wake wa kompyuta kule Nairobi alikuwa ametumia wiki nzima kueleza jambo hilo.

Kikabaki kitufe kimoja kule pembeni juu, cha peke yake. Wakauliza ni cha nini.

"Hicho ni cha kutoroka," Musembi akasema. "Ukikwama, unakibonyeza unatoka."

Hakuna aliyekitaka. Kalunde alisema Kyeni haina watu wa kutoroka, na mwingine, ambaye mumewe alikwenda Mombasa kununua betri mwaka wa 1986, akasema hicho ni cha wanaume. Kikaachwa bila mwenyewe.

Programu waliyokubaliana ilikuwa fupi: ulize jina la mwenye shamba, utafute matuta yake, useme ni mangapi. Laini kumi na mbili za maandishi, kila mama na laini yake ya kujibia. Musembi akasimama katikati akasoma kwa sauti, herufi moja moja, na mwenye herufi akanyoosha mkono akagonga. Mwanzoni walijikwaa. Kisha mmoja akaanzisha wimbo wa kuchimbia, mikono ikaufuata, na herufi zikawa zinaingia kwa mapigo. Neno lenye herufi mbili mfululizo zinazofanana lilizua ubishi, kwa sababu mwenye herufi alidai amekwisha kuchimba mara moja. Kila baada ya neno Susu Kalondu aliupiga ule mpini wake kwa ngumi.

Walianza na Falkona. Nitasema kweli, maana Musembi mwenyewe aliisema: moyo wake ulikuwa kwa Falkona. Aliwahi kusoma sifa zake kwenye ukurasa wa gazeti la kompyuta uliokuja umefunga viatu alivyonunua, na ukurasa huo aliuhifadhi kuliko viatu. Falkona ilikuwa na kasi. Walipomaliza laini ya kumi na mbili na mwenye kitufe cha kuingiza akakigonga, haikuchukua hata pumzi moja. Kioo kikawa cheusi, laini zote zikapotea, maneno mawili yakabaki katikati.

"Inasema nini?" Kalunde akauliza.

"Inasema kuna kosa la kufisha."

"Limeua nani?"

"Hakuna mtu, mwaitu. Ni hiyo programu."

"Kosa liko wapi?"

"Haijasema."

"Ni la nani?"

"Haijasema."

"Sasa imesema nini?"

"Imesema kufa," Musembi akajibu, na kwa mara ya kwanza akasikia jinsi jambo hilo lilivyo la ajabu.

Wakarudia. Ikawa vilevile. Mara ya tatu wimbo ulikuwa umekatika, na kila mmoja alikuwa akitazama mikono ya mwenzake. Huyu akasema hata juzi yule alichelewa. Yule akasema afadhali kuchelewa kuliko kuazima jogoo wa mwenzako akarudi bila mkia. Suala la jogoo lilikuwa limezikwa miaka miwili, na sasa likafufuka likiwa zima. Kikundi ambacho ukame haukuweza kukivunja, Falkona ilikuwa inakivunja kabla ya saa nne asubuhi. Kalunde akapuliza filimbi.

"Toa huyo mwewe," alisema.

Musembi akaingiza disketi za Boviko. Zilikuwa sita, na fahali alizila moja moja bila haraka. Chai ikachemshwa, ikanywewa, vikombe vikaoshwa. Wakaandika tena laini zile zile kumi na mbili. Mwenye kitufe cha kuingiza akakigonga, na Boviko ikaanza kufikiri, taa yake ndogo ikiwaka na kuzima. Susu Kalondu alipata usingizi mfupi pale pale aliposimama. Mwishowe kioo kikaandika jambo.

"Imesema kuna kosa," Musembi akasoma. "Laini ya saba."

Vichwa vyote viligeuka pamoja. Huko shambani, laini ikipinda, swali la kwanza na la mwisho ni moja, na kila mtu anajua jibu lake.

"Laini ya saba ni ya nani?" Kalunde akauliza.

"Ni ya Mutindi."

Mutindi akainama karibu na kioo, akapitisha kidole kwenye laini yake. "Mlisema sifuri," alisema polepole, "na mimi nimeweka ile herufi ya o. Nilidhani mviringo ni mviringo."

"Pole," wakamwambia wote kwa pamoja, kama anavyoambiwa mtu aliyejikwaa. "Rekebisha," Kalunde akasema. Mutindi akarekebisha. Hakuna aliyetukanwa, na habari za jogoo hazikusikika tena. Boviko ikafikiri, kisha ikauliza jina la mwenye shamba. Wakaandika Kalondu, na ikaleta jibu kutoka kwenye kumbukumbu za Musembi za miaka minne: matuta tisa.

"Nane," Susu Kalondu akasema.

"Hapa inasema tisa, susu."

"Ni nane. Moja lilibomoka mvua ya mwaka juzi na hakuna mtu wa mradi amekuja kuliona. Hiyo kitu yako inajua kuzaliwa kwa tuta. Kifo haijui."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka minne Musembi alikuwa ametunga programu isiyojua kwamba tuta hubomoka, kwa sababu hakuwahi kumwuliza mtu yeyote mwenye tuta. Na sasa mtu amemwambia, waziwazi, kosa la programu yake ni lipi na liko wapi. Alifurahi mno. Akasema anakwenda nje kuangalia jenereta ya ofisi, akaiangalia kwa muda mrefu, na haikuwa na shida yoyote.

Fomu ilijazwa mchana ule ule, Kalunde akisema na Musembi akiandika bila kuongeza wala kupunguza. Palipoulizwa kasi ya kila zana, jibu lilikuwa: Falkona ina haraka ya kuhukumu, Boviko ni ya polepole, na chai inapatikana. Palipoulizwa kama zana inafaa kwa watu wanaofanya kazi pamoja: Falkona inagombanisha, Boviko inajua kila mtu na laini yake. Palipoulizwa kama wangeipendekeza kwa wenzao: wenzetu gani, na sisi sote tuko hapa. Palipoulizwa waongezewe nini: iwe ikimwonyesha mtu kosa lake, kwanza imwambie pole. Wakatia sahihi kumi na wawili, wengine kwa kalamu na wengine kwa dole gumba.

Mwisho kabisa palikuwa na nafasi ya jina la kumi na tatu, kama yupo. Musembi akaitazama nafasi ile kwa hamu. Juu yake palisema: aandikwe tu aliyegusa vitufe katika jaribio hili.

"Mwaitu," alimwuliza Kalunde, "mimi nimegusa?"

Kalunde akafikiri kwa haki. "Hapana. Wewe ulikuwa unasoma laini. Msomaji hachimbi."

Ilikuwa kweli pia, na Musembi alikuwa mtu wa kupata hasara kwa mambo ya kweli. Chini kabisa akaandika: Musembi, karani, msomaji wa laini.

Ijumaa, Ndululu, dereva wa lori, alifika na kamba za kufungia kompyuta. Akapewa bahasha badala yake, akaondoka akilalamika kwamba kamba zenyewe alikuwa ameziazima.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Bwana Kivuva alilisoma kwa sauti, amesimama. Hakuna ofisi nyingine iliyotoa maoni yaliyonyooka kama ya Mukuyuni. Mradi mzima utatumia Boviko, na watengenezaji wameandikiwa kuhusu neno pole. Kompyuta ibaki Mukuyuni daima, kwa kuwa pana madevelopa kumi na wawili, wengi kuliko makao makuu yenyewe. Bwana Kivuva akampa Musembi mkono. Kisha akageuza ukurasa, na mkono ukarudi polepole.

Mahali penye madevelopa wengi kiasi hicho, barua iliendelea, karani wa kusoma laini hahitajiki. Bwana Musembi apelekwe Kanyangi, kwenye stoo ya mbegu, kwa lori la mwisho wa mwezi.

"Mimi ndiye developa, mzee," Musembi akasema. Sauti yake ilikuwa imekonda.

"Nani aliandika karani?"

"Mimi. Ilikuwa kweli."

"Sasa kweli inakupeleka Kanyangi." Bwana Kivuva hakusema kwa ubaya, alikuwa na huzuni. Akaipekua barua mpaka mwisho. "Hapa wanasema orodha inaweza kuongezwa mtu, mwenyekiti wa madevelopa akitia sahihi. Mwenyekiti wa madevelopa ni nani?"

Wote wawili walimjua mwenyekiti wa madevelopa. Wakati huo alikuwa sokoni akichagua mbaazi.

Musembi alimkuta, akamweleza yote, akampa karatasi na kalamu. Kalunde hakuipokea kalamu. "Mtu haingii mwethya na karatasi," alisema. "Anaingia na jembe. Kesho tuko kwa Susu Kalondu, kwa lile tuta lilibomoka."

Ni lazima isemwe kwamba Musembi, mwana wa Ukambani na mtumishi wa Mradi wa Matuta, hakuwahi kuchimba tuta. Utotoni alikuwa na ugonjwa wa kifua. Baadaye akawa na masomo. Baadaye akawa na tai. Asubuhi ile alifika saa moja, kabla ya filimbi, na jembe la mama yake ambalo mpini wake ulikuwa umelainishwa na mikono isiyokuwa yake. Wakavuta kamba, wakapiga vigingi, wakagawana vipande. Kipande chake kilikuwa cha saba.

Wimbo ukaanza naye akaufuata kwa nyuma, kama mtu anayekimbilia gari. Saa tatu viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Saa nne yakapasuka, akaivua tai akajifunga nayo mkono wa kulia. Udongo wa mteremko ule ni mwekundu na mzito, na kuurusha juu kunavunja mgongo. Mahali fulani kati ya saa nne na saa tano, bila kukusudia, mikono yake ikaanza kuurusha chini. Haikuonekana. Alipogundua, alikuwa amekwisha kusawazisha, na kwa macho kipande chake kilikuwa sawa na vingine. Ni mvua peke yake ambayo ingejua, na mvua ilikuwa mbali. Kufika mwisho wa mwezi hakuna mtu angekuwa amejua.

Kalunde akapita juu ya laini, kipande kwa kipande. Akafika cha saba, akakikanyaga, akataka kupita.

"Mwaitu," Musembi akasema. "Laini ya saba ina kosa. Ni yangu. Kutoka kigingi hiki mpaka kile nimetupa udongo chini."

Wimbo ulikuwa umekwisha, kwa hiyo kila mtu alisikia. Kalunde akasimama. Akachukua jembe, akafukua kidogo, akaona. Kisha akatoa kwenye kifua cha blauzi yake fomu moja iliyobaki siku ile ya kupima zana, imekunjwa mara nne, akaikunjua.

"Kasi?" akawauliza wenzake.

"Ya polepole," wakajibu. "Sana," akaongeza Mutindi.

"Inafaa kwa kikundi?"

Hapo wakatazamana, na Musembi akatazama viatu vyake, ambavyo havikuwa tena vya ofisini. Hakuwa amewahi kutaka jambo lolote kama alivyotaka jibu lile.

"Inasema kosa liko wapi," Susu Kalondu akasema. "Na haijangoja kuulizwa."

"Pole," wakamwambia wote kwa pamoja.

"Rekebisha," Kalunde akasema.

Akarekebisha mpaka saa nane, na hawakumwacha peke yake. Sita upande huu, sita upande ule, udongo ukarudi juu. Kalunde akatia sahihi kwenye karatasi ya makao makuu, akitumia mgongo wa Mutindi kama meza. Ndipo mtu akakumbuka kwamba vitufe vyote vilikwisha kugawiwa, na developa hawezi kukaa bila kitufe.

"Kimebaki kile cha kutoroka," Mutindi akasema, akizuia kicheko.

"Apewe," akasema yule wa Mombasa. "Angetaka kutoroka, angetoroka saa nne, tai ilipotoka."

Kuanzia Jumatatu, kila siku Kyeni ilipokuja ofisini kwenye kompyuta, Musembi alisimama mwisho wa benchi, pembeni juu, wa kumi na tatu, akilinda kitufe kimoja ambacho hakuna aliyemruhusu kukigusa. Tuta la Susu Kalondu liliandikwa kuwa limekufa, kisha likaandikwa kuwa limefufuka, na programu ikajifunza mambo yote mawili. Na Jumapili, mtu alipomwuliza mama yake kanisani mwanawe hasa anafanya kazi gani, mama aliutazama mkono wa mwanawe, bado umefungwa kwa tai, akafikiri kidogo. "Siku hizi," akasema, "yuko na kina Kalunde."